Kufunga muziki kwenye gari la zamani: anza na umeme, sabufa baadaye

Wakulima wa tumbaku wakishalipwa, kuanzia Urambo na Kaliua hadi Sikonge, kuna swali ambalo huongezeka kwenye simu za studio yetu: nina gari la zamani, nataka lipige muziki mzuri, nianzie wapi? Mmoja ana Corolla iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika Japani, mwingine ana Land Cruiser au Land Rover aliyoachiwa na baba yake, mwingine anaendesha Noah ya abiria. Jibu letu kwa wote ni hilohilo. Anza na umeme.

Tunasema hivyo kwa sababu gari la kijijini si la starehe tu. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, mwenye gari ndiye anayegongewa mlango. Betri ikiwa imenyonywa na sabufa tangu jioni, gari halitawaka, na majirani watalisukuma gizani. Tena waya uliopiga shoti chini ya zulia unaweza kuliteketeza gari zima kabla hujapata maji. Kwa hiyo yanayofuata yasome kabla hujampa fundi pesa.

Kwa nini redio ya Japani haitupati

Tuanze na lile linalotugusa sisi watangazaji. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania yalitengenezwa kwa soko la Japani, na huko redio za FM zilipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90. Sehemu ya 90 hadi 108 ilikuwa ya televisheni za analojia, ambazo zilizimwa mwaka 2011 na 2012. Baadaye Japani iliongeza redio zake hadi 95, lakini gari la zamani halina habari na nyongeza hiyo. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana unazungusha redio yako, inafika 90, inarudi 76, na kituo unachokitafuta hukipati kabisa. Redio haijaharibika. Haikutengenezewa masafa yetu.

Mafundi wengi watakufungia ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa. Kama inashusha kwa megahezi 20, kituo kinachorusha kwenye 101.5 utakipata kwenye 81.5. Kilicho kwenye 94 kingeangukia 74, na redio yako haifiki huko, kwa hiyo kituo hicho umekikosa. Zipo ekspanda zinazoshusha kwa namba nyingine. Soma maandishi ya kwenye kiboksi, chukua namba ya kituo unachokipenda, toa, uone kama jibu linaangukia kati ya 76 na 90.

Kwa mtu wa mjini ekspanda inatosha. Kwa msikilizaji aliye mbali na mnara hatuipendekezi sana, kwa sababu mawimbi yakifika yakiwa dhaifu kiboksi hicho huongeza mikwaruzo yake, na kituo chenye nguvu kilicho chini ya 90 kinaweza kuingilia kilichoshushwa. Kama una uwezo, nunua deki yenye masafa kamili ya 87.5 hadi 108, hata kama ni ya bei ya chini. Chagua isiyo na sehemu ya kuingiza sidii. Vumbi jekundu la barabara zetu huua jicho la kusomea sidii mapema, wakati flashi na Bluetooth havina mlango mkubwa wa kupitisha vumbi.

Jambo jingine la magari ya Japani ni kwamba baadhi ya redio zake zenye skrini ya ramani hujifunga zikitolewa betri. Zikirudishiwa umeme zinadai kadi ya ramani au namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Kabla fundi hajachomoa betri, hakikisha kadi ipo mahali pake.

Jua kwanza gari lako ni la volti ngapi

Redio karibu zote za gari zinazouzwa madukani ni za volti 12. Malori kama Fuso na Isuzu, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani, yana mfumo wa volti 24. Ukiifunga deki ya 12 moja kwa moja humo, inaungua siku hiyohiyo. Wapo wanaochukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili, wakapata 12. Redio italia, ni kweli, lakini betri moja itachoka kuliko mwenzake na zote mbili zitakufa mapema. Njia sahihi ni kufunga kipunguza volti kutoka 24 hadi 12, chenye ampea zinazotosha vifaa vyako.

Wenye Land Rover za kale kabisa wana mtego mwingine. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalishika bodi kwa upande chanya wa betri, kinyume na yote ya leo. Mengine yalishageuzwa na mafundi, mengine bado. Angalia ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye chuma cha gari. Kama ni chanya, usifunge redio yoyote mpaka fundi umeme aubadilishe mfumo.

Na hapa kuna kosa linaloua deki nyingi mpya kwenye magari ya miaka ya 1970 na 1980. Zamani waya hasi wa spika ulifungwa kwenye bodi, kwa hiyo kila spika ilipitishiwa waya mmoja tu. Deki za leo hazikubali hivyo. Kila spika inataka waya zake mbili kutoka kwenye deki, na wowote kati ya hizo mbili ukigusa bodi, sehemu ya ndani inayosukuma sauti inaweza kuungua. Fundi akikwambia waya za zamani zinatosha, mwombe akuonyeshe kama ni mbili kwa kila spika. Zikiwa pungufu, vuta mpya. Waya wa spika ni rahisi kuliko deki.

Wati za kwenye boksi na wati za kweli

Boksi la deki limeandikwa wati 50 mara nne. Wati zinazotoka kwa kweli, bila sauti kupasuka, ni kama 15 hadi 20 kwa kila spika, na hizo zinatosha kabisa kwa gari dogo lenye spika nzima. Kwenye amplifaya uongo ni mkubwa zaidi. Utaona imeandikwa wati 2,000. Usibishane na muuzaji, igeuze uangalie fyuzi yake. Kama ni ya ampea 30, zidisha kwa volti 13.8: unapata kama wati 400 zinazoweza kuingia. Amplifaya ya kawaida hupoteza karibu nusu yake kuwa joto, kwa hiyo zinazofika kwenye sabufa ni kama 200. Zile za aina ya D hupoteza pungufu ya hapo, lakini hakuna inayotoa zaidi ya inachoingiza.

Sasa jiulize umeme huo unatoka wapi. Alteneta ya gari dogo la zamani mara nyingi haifiki ampea 80, na gari likiwa limesimama injini ikinguruma taratibu inatoa pungufu zaidi. Taa kubwa, feni ya rejeta, pampu ya mafuta na plagi vinachukua sehemu yao kwanza. Kinachobaki ndicho cha muziki. Kipimo chake ni rahisi kwa mwenye mita ya umeme: gari likiwa limezimwa muda mrefu, betri nzima husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa, fungulia muziki, soma tena. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, alteneta imezidiwa na betri ndiyo inayolipa deni.

Kuongeza betri ya pili hakutibu tatizo hilo, maana betri haitengenezi umeme. Itakupa muda zaidi gari likiwa limezimwa, kisha alteneta ileile italazimika kuzijaza zote mbili.

Waya, fyuzi na ethi

Deki mpya nyingi hufuata rangi hizi: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme wa swichi unaokuja ufunguo ukifika ACC, nyeusi ni ethi. Bluu yenye mstari mweupe inaiamsha amplifaya. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau za nyuma, na wenye mstari mweusi ndio hasi. Rangi za upande wa gari ni jambo jingine kabisa. Kwenye Toyota nyingi wa kudumu ni bluu yenye njano, wa swichi ni kijivu na ethi ni kahawia, lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi watano usiliamini kwa rangi. Pima kila waya kwa testa. Waya na soketi za njano nzito kwenye usukani na chini ya dashibodi mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya ajali. Hizo zisiguswe wala zisipimwe.

Amplifaya haichukui umeme nyuma ya redio. Inataka waya wake mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Hapa ndipo uhai wa gari ulipo. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya huko buti inailinda amplifaya tu. Waya ukichubuka katikati ya gari na kugusa bati, fyuzi ya huko haijui lolote na waya unageuka kuwa jiko. Unapotoboka kwenye ukuta wa injini, pitisha waya ndani ya raba, la sivyo mtikisiko wa barabara utaukata kidogo kidogo kwenye makali ya bati.

Waya wenyewe ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ndani ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu ya unene huohuo na inapata moto mapema. Kama hakuna nyingine dukani, chukua nene zaidi.

Ethi ifungwe kwenye chuma cha bodi karibu na amplifaya, rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae, bolti ikazwe, kisha pakwe grisi kuzuia kutu. Ethi mbaya ndiyo chanzo kikubwa cha ule mlio unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta. Chanzo kingine ni kupitisha waya za sauti pamoja na waya wa betri. Zipitishe upande mwingine wa gari.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na ngoma ikatangulia mbele. Sabufa ya inchi 12 na boksi lake inaweza kuwa na uzito wa frasila moja. Ifunge kwa bolti kwenye sakafu ya buti. Ukifunga breki ghafla, boksi lililoachwa huru litamfuata abiria wa kiti cha nyuma.

Spika na antena

Karatasi za spika za zamani zimeoza pembeni; zikikwaruza hata kwa sauti ndogo, badilisha. Pima kina cha mlango huku kioo kikiwa kimeshushwa, kwani sumaku ndefu itazuia kioo kisishuke. Ndani ya mlango maji ya mvua hupita, kwa hiyo funika mgongo wa spika kwa plastiki bila kuziba matundu ya chini yanayotoa maji. Deki imetengenezewa spika za omu 4. Mbili za namna hiyo zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja zinakuwa omu 2, na deki itachemka.

Ili kujua chanya ya spika, gusisha nyaya zake kwa betri ya redio ndogo ya volti 1.5, mara moja tu. Karatasi ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika mbili zikifungwa kinyume zinauana besi, na wengi hukimbilia kununua sabufa kumbe waya ndio umegeuzwa.

Toyota nyingi zina antena ndani ya kioo cha nyuma, na antena hiyo ina kikuza mawimbi kinachotaka volti 12. Fundi akifunga deki mpya akasahau kukipa umeme kwa waya wa bluu, FM inashika mjini tu na inapotea ukishatoka kidogo. Chaja za bei poa za kuchomekea simu na baadhi ya taa za LED nazo huleta mikwaruzo. Chomoa moja moja usikilize.

Kazi ikiisha, zima gari, toa ufunguo, funga milango, subiri nusu saa. Kisha weka mita katikati ya ncha hasi ya betri na waya wake, ikiwa kwenye kipimo cha ampea. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Gari lililolala lisivute zaidi ya ampea 0.05. Likivuta ampea moja, betri ya saa-ampea 45 haitaweza kuwasha injini baada ya siku moja hivi. Namba ikiwa kubwa, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo itakayokuonyesha waya unaokuibia umeme.