JINO LA KUPANDIKIZA: LILITOKA WAPI, NA KWA NINI NESI ANAKUAMBIA "SUBIRI" (Sehemu ya 4)

Sehemu iliyopita tuliongelea kung'oa jino. Leo tuongelee pengo linalobaki.

Naanza na mama yangu mdogo. Alipoteza jino la mbele baada ya mtoto wa tatu. Mtaani wakamwambia ni kawaida, kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake. Si kweli, wapendwa. Mimba haili meno. Fizi zake zilikuwa zinatoa damu muda mrefu na hakuna aliyemwambia kwamba huo ni ugonjwa unaotibika. Miaka sita amecheka akiwa ameweka khanga mdomoni.

Mwisho akachukua hela yake ya kikoba, akaenda kupandikizwa jino. Wiki ya tano, maumivu yameisha kabisa, akajua amepona. Akang'ata muhindi wa kuchoma. Baada ya siku chache kile kipandikizi kikaanza kucheza. Kikatolewa, na hela ya kikoba ikaenda nacho.

Karatasi ya maelekezo alipewa. Iliandikwa: usitafunie hapo. Haikuandikwa kwa nini. Ndiyo maana leo nakuletea historia. Ukijua yale masharti yametoka wapi, hutayavunja kwa muhindi mmoja.

TAMAA YA ZAMANI SANA

Usidhani hili ni jambo la juzi. Mwaka 1931 huko Honduras lilifukuliwa taya la chini la mtu wa kabila la Wamaya, aliyeishi miaka ipatayo 1,400 iliyopita. Mahali pa meno matatu ya mbele palikuwa na vipande vya kombe la baharini vilivyochongwa vikafanana na meno. Watu wakadhani ni pambo la maiti. Mwaka 1970 taya lile likapigwa eksirei, ikaonekana mfupa ulikuwa umeota kuzunguka baadhi ya vipande. Maiti haoti mfupa. Yule mtu aliwekewa akiwa hai, na mfupa wake ukapokea.

Shika neno hilo, "ukapokea". Tutalirudia.

JINO LA MASKINI KINYWANI MWA TAJIRI

Sasa twende London, karne ya 18. Sukari ilikuwa imeingia kwa matajiri na meno yao yakaharibika. Daktari mmoja mashuhuri wa upasuaji, John Hunter, alitetea njia hii: maskini anang'olewa jino zima, analipwa, na papo hapo jino lile la moto linasokomezwa kwenye pengo la tajiri. Waliouza walikuwa vijana wenye njaa.

Matokeo yake? Meno mengi yalilegea na kudondoka. Kibaya zaidi, wapo waliougua baadaye, na madaktari wa wakati huo wakalaumu kaswende iliyohamishwa na jino. Hakukuwa na vipimo, hakuna aliyechemsha vifaa, na hakuna aliyemuuliza mgonjwa anaumwa nini. Taratibu desturi ile ikafa.

Kwa hiyo ukifika kliniki ukaulizwa maswali mengi, usikasirike wala usifiche. Sema kama una sukari, presha, tatizo la damu kutoganda, au unaishi na VVU. Hayo si lazima yakuzuie, ila yanabadilisha maandalizi. Taja kila dawa unayotumia, pamoja na za mifupa, za kuyeyusha damu na za mitishamba. Na usiache dawa yoyote kwa akili yako mwenyewe. Anayesema iachwe au iendelee ni daktari.

Halafu uliza: vifaa vinasafishwaje? Kipandikizi kimetoka kwenye pakiti iliyofungwa? Nani anafanya, na amesomea? Ukikuta mtu anaweka meno kibarazani kwa bei ya kutupa, kumbuka London.

SUNGURA WA MWAKA 1952

Baadaye watu walijaribu dhahabu, fedha, chuma cha aina hii na ile. Mwili ulikuwa unafanya kitu kimoja: unakizungushia kile kitu utando laini, kama unavyokizungushia kijiti kilichokuchoma mguuni. Ukitafuna juu yake kinacheza, na kikicheza kinatoka.

Mwaka 1952 daktari kijana wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Meno hayakuwa kichwani mwake kabisa. Aliweka kwenye mfupa kifaa kidogo cha madini ya titaniamu ili aweze kuchungulia ndani. Kazi ilipoisha alitaka kukitoa akitumie tena. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umekishika kama saruji inavyoshika nondo.

Wengine wangekasirika kwa kuharibikiwa kifaa. Yeye akajiuliza: kama mfupa unaishika titaniamu namna hii, si tunaweza kuwekea watu meno?

Mwaka 1965, mjini Göteborg, mgonjwa wa kwanza akajitolea. Aliitwa Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya, asiye na meno ya chini, kula kwake ni taabu. Akawekewa skrubu nne za titaniamu kwenye taya la chini. Alifariki mwaka 2006, skrubu zile zikiwa bado zinamsaidia kula. Miaka zaidi ya 40!

Lakini siri ya Brånemark haikuwa titaniamu peke yake. Alizifunika skrubu chini ya fizi na kuziacha zipumzike: karibu miezi 3 kwa taya la chini, karibu 6 kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Hakuna kutafunia. Madaktari wengi walimbeza kwa miaka. Ni mpaka mkutano wa Toronto mwaka 1982, alipoonyesha wagonjwa aliowafuatilia muda mrefu, ndipo dunia ikamsikiliza.

Sasa umeelewa muhindi wa mama mdogo? Maumivu yakiisha, ni fizi ndiyo imepona. Chini yake mfupa ndio kwanza unajenga. Ukiutikisa unaacha kujenga mfupa, unaweka utando. Siku hizi wapo wanaowekewa jino mapema, lakini hata hilo mara nyingi ni la muda, la kuziba pengo. Ratiba yako anaijua daktari aliyeona mfupa wako.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Tibu fizi kwanza. Ukipanda kwenye shamba lenye wadudu, usitegemee mavuno. Sukari iwe imeshuka na imetulia. Sigara, shisha na ugoro acha wiki kadhaa kabla, na usivirudie kipindi chote cha kupona, kwa sababu vinabana mishipa ya damu na mfupa unajenga kwa damu.

Ukiwa mjamzito, kupandikiza kunaweza kusubiri ujifungue. Ila kusafisha meno na kutibu fizi hakusubiri, nenda hata sasa. Ukiwa unanyonyesha, sema, ili uchaguliwe dawa zinazofaa.

BAADA YA KUTOKA

Siku ya kwanza ng'ata pamba au bandeji kama ulivyoelekezwa. Weka barafu iliyofungwa kitambaa juu ya shavu, dakika chache chache. Usisukutue kwa nguvu, usiteme teme, usinywe kwa mrija, maana utalitoa damu lililoganda, na hilo ndilo kifuniko cha kidonda. Usiguse guse kwa ulimi wala kidole.

Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kula uji, mtori, viazi vya kuponda, parachichi, mayai, na kutafuna kuwe upande mwingine. Meno mengine endelea kupiga mswaki. Ukipewa antibayotiki, maliza dozi. Usiigawe na jirani.

Kuvimba siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Rudi haraka ukiona damu haikatiki, maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, homa, usaha, ganzi isiyoisha mdomoni au kidevuni, au kipandikizi kinacheza. Ukishindwa kumeza au kupumua, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Na jino likishakaa, usiseme "hili ni chuma, halitoboki". Kweli halitoboki, lakini fizi na mfupa wake vinaugua kama vya jino la kuzaliwa. Mswaki mara mbili kwa siku, uzi wa meno, na kwa daktari kila anapokupangia.

WATOTO WETU

Mama mwenye binti au kijana aliyevunjika jino, sikia. Kipandikizi kimeshikwa na mfupa, hakisogei. Taya la mtoto bado linakua, meno mengine yatashuka na hicho kitabaki nyuma. Subirini ukuaji uishe. Kwa sasa kuna meno ya muda ya kuvua.

Na hili nasema kwa uchungu. Bado kuna watoto wachanga wanaochokolewa fizi ati wana "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara. Yale ni meno yao halali, hayajakomaa tu. Wapo waliokufa kwa damu na maambukizi, na waliopona wengine wamekua na mapengo ya kudumu. Mtoto akiharisha, mpe ORS na umlete kituoni. Msimtengenezee pengo.

Mama mdogo? Walisubiri mfupa upone, akaanza kikoba upya, na mwaka huu amewekewa tena. Yuko mwezi wa pili. Jumapili amenipigia, ananong'ona kama mtoto anayeomba sukari: "Mwanangu, sasa si naweza kuonja muhindi kidogo tu?"

Nikamwambia, mama, mfupa bado unapokea. Pukuchua, chemsha, tafunia upande wa pili.

Akacheka. Khanga nimeisikia kwenye simu, bado iko mdomoni. Miezi michache tu, tutaishusha.

Sehemu ya 5 tutaongelea fizi zinazotoa damu wakati wa ujauzito. Mtumie hii mama mwenzio anayecheka na mkono mdomoni.