Malezi ya Watoto Wadogo Dzaleka

Mwenye kutoka Lilongwe kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita 45 hivi, hufika Dzaleka katika wilaya ya Dowa. Zamani mahali hapa palikuwa gereza, ambamo serikali ya Dakta Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake. Na jina lenyewe kwa Kichewa ni kauli ya mtu aahidiye kwamba ameacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakawa kambi ya watu waliokimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 au 12,000 ilikuwa imepita 50,000 ilipofika mwaka 2023, na Kiswahili ndicho kiwakutanishacho wengi wao.

Yafaa tueleze kwanza jambo la kazi, maana ndilo lililozaa taabu ya watoto. Malawi iliridhia mkataba wa wakimbizi mwaka 1987, lakini kwa masharti: mkimbizi akae kambini, wala asiwe na ruhusa ya kufanya kazi popote atakapo. Hata hivyo, tumbo halisomi mikataba. Wazazi wengine walitafuta kibarua katika mashamba ya wenyeji, kibarua kiitwacho huko ganyu. Wengine walifungua vijiduka Lilongwe wakahamia huko na watoto wao. Mwaka 2023 serikali iliamuru wote warudi kambini, na mwezi wa Mei wakaanza kukamatwa na kurudishwa kwa nguvu. Mzazi akawa upande mmoja, riziki yake upande wa pili, na mtoto mchanga katikati.

Ni nani basi amshikaye mtoto huyo mama atokapo alfajiri? Mara nyingi ni dada yake, naye mwenyewe bado mtoto. Humbeba mdogo wake mgongoni saa ambazo wenziwe wamebeba madaftari. Kwa hiyo mwenye kumgharimia mtoto mmoja wa miaka mitatu huenda, pasipo kujua, amemrudisha darasani mtoto wa pili.

Wamalawi wana njia yao ya tangu zamani kidogo. Huko vijijini kuna sukulu ya mkaka, yaani skuli ya maziwa, ingawa kinywewacho humo aghalabu ni uji. Kila nyumba huleta unga, na akina mama hujitolea kulea bila mshahara. Ni jambo jema sana, ila lina udhaifu ujulikanao: kati ya Januari na Machi, ghala zikiwa tupu na mavuno bado, unga hukosekana na milango hufungwa. Na huo ndio wakati mama yuko shambani kutwa!

Waislamu wa pwani walilikabili jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 1982 wazee wa Mombasa walimwomba Aga Khan msaada wa kuwaandaa watoto wao kwa skuli. Mwaka 1986 darasa la kwanza likafunguliwa Liwatoni, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Zanzibar wakafuata mwaka 1990, Kampala mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa wenyewe, wakafunzwa kazi. Baadaye likawekwa fungu la fedha lisiloliwa, faida yake ikasaidia gharama za darasa. Mwenye kujua wakfu ataitambua njia hiyo mara moja.

Nasema haya kwa sababu wafadhili wetu, Mungu awalipe kheri, hupenda matofali. Jengo huonekana na jina huandikwa ukutani. Uji wa Februari haupigwi picha. Lakini vyumba vingi vya madrasa hujaa alasiri, na asubuhi huwa vitupu. Penye chumba cha namna hiyo, kilichosalia ni mikeka, sufuria, unga wa kufika Machi, na mlezi alipwaye kila mwezi.