Tuzo za Chama cha Watayarishaji wa Marekani

Tuzo za Chama cha Watayarishaji wa Marekani, kwa kifupi Tuzo za PGA, hutolewa kila mwaka kwa watayarishaji wa filamu na vipindi vya televisheni, kwa kawaida katika eneo la Los Angeles. Mtayarishaji ndiye anayesaka hadithi, fedha na watu wa kuifanya kazi, kisha haachani nayo mpaka inapofika kwa watazamaji. Hata hivyo jina lake ni nadra kutajwa mitaani.

Chama chenyewe kilianza 1950 kikiwa cha watayarishaji wa filamu, na mwaka 1962 kikaungana na cha wenzao wa televisheni. Hafla ya kwanza ya tuzo ilifanyika 1990 kwa jina la Golden Laurel Awards. Iliyoshinda ni Driving Miss Daisy, kazi ya mume na mke, Richard D. Zanuck na Lili Fini Zanuck. Leo tuzo kuu ya filamu ina jina la baba yake Richard, Darryl F. Zanuck, aliyeongoza studio ya 20th Century Fox kwa miaka mingi. Ya tamthilia za mfululizo ina jina la Norman Felton, na ya vichekesho la Danny Thomas.

Tuzo hizi hufuatiliwa sana kwa sababu hutangulia Oscar na hutumika kuzitabiri. Tangu filamu za 2009, zote mbili huchagua filamu bora kwa njia moja: mpiga kura huzipanga filamu kuanzia anayoipenda zaidi, yenye kura chache huondolewa na kura zake kuhamia chaguo linalofuata, hadi moja ipate zaidi ya nusu. Hivyo hushinda filamu inayokubalika na wengi. Januari 2014 hata njia hiyo ilitoa sare, Gravity na 12 Years a Slave zikashinda pamoja. Oscar ilikwenda kwa ya pili, ambayo pia ilimpatia Mkenya Lupita Nyong'o Oscar ya mwigizaji msaidizi. Utabiri huu hukosea pia: PGA ilizipa ushindi La La Land na 1917, Oscar zikaenda kwa Moonlight na Parasite.

Lakini mchango mkubwa zaidi wa PGA ni kuuliza nani hasa aliitayarisha filamu. Sifa ya mtayarishaji iliwahi kugawiwa kwa wafadhili, mawakala na marafiki wa nyota, hata wasiokanyaga eneo la kazi. Kwa hiyo chama huchunguza nani alifanya nini kabla ya kumruhusu mtu kupokea tuzo. Uamuzi wake haufuatwi na kila mtu. Little Miss Sunshine iliposhinda mwaka 2007, PGA iliwatambua watayarishaji watano. Upande wa Oscar, uliokuwa na kikomo cha watu watatu, uliwaacha wawili nje. Waliofanya kazi hawakustahili kukatwa kwa hesabu ya viti.

Miaka ya 2010 chama kilianzisha alama yake. Filamu ya Kimarekani ikianza au ikiisha, tazama majina ya watayarishaji: lenye herufi ndogo p.g.a. baada yake ni la mtu ambaye kazi yake imethibitishwa.