Mbung'o alihesabiwa, buibui je?

Kuna mbung'o anaitwa Glossina swynnertoni. Jina ni la C.F.M. Swynnerton, Mwingereza aliyekuja kuongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, makao yake yakiwa Shinyanga. Yaani mdudu amebeba jina la mtu aliyetumia miaka yake kumfukuza.

Mbinu yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mbung'o huyu anaishi kwenye vichaka vya migunga. Ukifyeka kichaka anakosa kivuli, naye akiondoka ng'ombe wanapona nagana na watu wanapona malale. Kuanzia miaka ya 1920 Wasukuma waliitwa kwa maelfu kupitia watemi wao, wakafyeka na kuchoma. Siwalaumu. Mimi sijawahi kuzika ng'ombe aliyekufa kwa nagana.

Kinachonishangaza ni jinsi mbung'o alivyofuatiliwa. Mtafiti C.H.N. Jackson aliwapaka nukta za rangi, akawaachia, kisha akawakamata tena ili kukadiria idadi yao. B.D. Burtt alikusanya mimea, na mingine inaitwa burttii mpaka leo. Swynnerton na Burtt walikufa pamoja kwenye ajali ya ndege mwaka 1938.

Na buibui? Kichaka ni kilekile: wengine wanatanda utando kati ya miiba, wengine wanachimba vishimo ardhini. Buibui haambukizi malale, haliwi, hauzwi. Hakuwa na idara. Kama kulikuwa na aina iliyoishi kwenye vichaka vile tu, iliungua kabla haijapewa hata jina. Mbung'o mwenyewe bado yupo, kaskazini mwa Tanzania na kusini-magharibi mwa Kenya, upande wa Serengeti na Mara.

Mengine yalifuata: pamba, mifugo, kuni, vijiji vya miaka ya 1970. Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwalimu Nyerere alipita huko mwaka 1984, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ukafufua ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga yapumzike mpaka kiangazi. Kutoka kama hekta 600 zikafika zaidi ya 300,000. Hiyo ni kazi kubwa, na ilitegemea utaratibu ambao wenyeji walikuwa nao tayari.

Geita ni hadithi nyingine, au ileile imehamia magharibi. Baada ya vita vya pili serikali ya kikoloni ilihimiza familia za Usukuma zihamie huko na ng'ombe wao, na mapanga yakahama nazo. Dhahabu ilikuwa imeshaanza kuchimbwa tangu miaka ya 1930. Leo wachimbaji wadogo wanashikiza maduara yao kwa matimba, na kila timba lilikuwa mti.

Asubuhi moja, ndani ya ngitili, niliona utando umejaa umande, katikati buibui wa njano. Nikamuuliza mzee mwenye shamba, "Shikamoo baba, huyu ni buibui gani?"

"Marahaba. Huyo ni buibui tu, mwanangu," akasema, akausogeza utando kwa fimbo ili tupite.