Kupotea na Kupotezwa: Vitenzi vya Habari za Msiba katika Pwani ya Kusini

Katika Kiswahili kitu hupotea chenyewe. Kisu hupotea, mbuzi hupotea, na mtu naye hupotea. Kitenzi hiki hakidai mtenda. Kiima hubeba tukio zima peke yake. Kikinyambuliwa kuwa kupotezwa, mtenda huingia hata kama jina lake halitajwi. Tofauti hiyo ina historia ndefu katika pwani ya Kilwa na Lindi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa, na misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia huko. Kwa jamaa waliobaki nyuma, aliyechukuliwa alikuwa amepotea. Katika daftari za wafanyabiashara alikuwa mali yenye bei.

Utangazaji wa redio ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, ulifungua njia ya matangazo ya vifo, ambayo baadaye yalikuja kusikilizwa kwa makini hata vijijini. Mtindo wake ulikuwa mkavu: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie jamaa popote walipo. Ukavu huo ulikuwa na stara. Kusudi lilikuwa kuwafikia wenye msiba, si kuwaburudisha wasio nao.

Podikasti, inayosikilizwa leo kwa simu hata Mitwero, kaskazini mwa mji wa Lindi, imeugeuza utaratibu huo. Mwenye msiba amekuwa mhusika wa hadithi, na msikilizaji hungojeshwa kama katika riwaya ya upelelezi.

Hatari huwa kubwa zaidi katika habari za kujiua. Neno lenyewe halina lawama ndani yake. Tatizo ni vile vitenzi vya magazeti ambavyo hutaja njia ndani ya mzizi wake, kiasi kwamba kichwa cha habari kinakuwa maelekezo. (Havitatajwa hapa, kwa sababu hiyohiyo.) Mjini Vienna, baada ya waandishi kupewa mwongozo mwaka 1987 na kupunguza habari za kusisimua, idadi ya waliojiua katika reli ya chini ya ardhi ilishuka sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2000 na kuusahihisha tena mwaka 2023: njia isielezwe, sababu isifanywe moja tu, na msikilizaji aambiwe msaada unapatikana wapi. Kwa Tanzania liongezwe jambo moja. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, hulifanya jaribio la kujiua kuwa kosa; kumtaja hewani aliyenusurika ni kumtaja mtuhumiwa.

Kuhusu waliotoweka, mfano ulio karibu ni wa Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, katika barabara iendayo Kilwa na Lindi. Alionekana mara ya mwisho tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019, Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipohojiwa na BBC, alisema kwa Kiingereza maneno yaliyoeleweka kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufa. Muda mfupi baadaye ikaelezwa kwamba hakueleweka sawasawa. Kwa siku chache hizo familia ilifanywa ya wafiwa, kisha ikarudishwa katika kungoja.

Gazeti la jana hufungiwa maandazi. Sauti iliyorekodiwa hubaki, na kipindi kimoja kilichosema “marehemu” huendelea kusikika hata baada ya kauli kurekebishwa. Mtangazaji makini atasema alionekana wapi, lini, nani amesema nini na tarehe gani alisema. Ataacha “alikuwa” mpaka apate ushahidi wa kumruhusu aitumie; na “amepotea”, ikiwa kuna waliomwona akiondoka na watu, ataitilia shaka vilevile.