Maji, Swali na Ukimya: Historia ya Jaribio Moja katika Utafiti wa Ukuaji wa Fikra za Watoto

Utangulizi

Katika saikolojia ya watoto, ni majaribio machache yaliyosafiri mbali kama lile la kumimina maji. Mtoto huoneshwa bilauri mbili zinazofanana, zenye maji ya kiwango kimoja. Akishakubali kwamba maji ni sawa, mtafiti huyamimina ya bilauri moja katika chombo kirefu na chembamba, kisha humwuliza tena kama maji yangali sawa. Jibu lake huchukuliwa kuwa kielelezo cha hatua aliyofikia kiakili. Insha hii inafuatilia historia ya jaribio hilo na mengine ya jamii yake kutoka Geneva hadi Senegali, Edinburgh na Kenya. Hoja yake ni kwamba, kati ya mwaka 1941 na 1978, ilidhihirika kuwa jibu la mtoto hubeba pia athari ya swali, ya anayeuliza na ya malezi aliyoyazoea.

Chimbuko la Jaribio

Jean Piaget (1896–1980), mzaliwa wa Neuchâtel nchini Uswisi, alisomea elimu ya viumbe kabla ya kugeukia fikra za watoto. Mwaka 1919 alikwenda Paris, ambako Théodore Simon alimkabidhi kazi ya kusanifisha vipimo vya akili kwa wanafunzi. Kazi hiyo ilidai kuhesabu majibu sahihi, lakini Piaget alivutiwa zaidi na makosa. Aliona kwamba watoto wa umri unaokaribiana hukosea kwa namna zinazofanana, na akahitimisha kuwa makosa hayo yana mantiki yake. Mwaka 1921 alijiunga na Taasisi ya Jean-Jacques Rousseau mjini Geneva kwa mwaliko wa Édouard Claparède, akaendeleza mbinu ya kuzungumza na mtoto na kumdadisi sababu za jibu lake.

Mwaka 1941, Piaget na Alina Szeminska walichapisha kitabu kuhusu chimbuko la dhana ya namba kwa mtoto, ambamo majaribio ya maji yana nafasi kubwa. Kwa maelezo yao, mtoto wa miaka mitano hudai kwamba chombo kirefu kina maji mengi zaidi kwa sababu hutazama kimo na kuusahau upana. Kuanzia takriban miaka saba huweza kuyarudisha maji kimawazo katika bilauri ya kwanza, na hivyo kutambua kwamba kiasi hakikubadilika. Badiliko hilo likawa mpaka kati ya hatua ya pili na ya tatu katika nadharia yake ya hatua nne.

Jaribio Laondoka Ulaya

Patricia Greenfield alilipeleka jaribio hilo kwa watoto Wawolofu wa Senegali, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1966. Watoto waliosoma shule, wa kijijini na wa Dakar, karibu wote walijibu sahihi walipofika miaka kumi na moja hadi kumi na mitatu. Miongoni mwa wasiosoma, ni takriban nusu tu waliofanya hivyo. Kama utafiti ungekomea hapo, ungethibitisha kwamba watoto wasiosoma wamechelewa kiakili.

Greenfield hakukomea hapo. Alipowauliza watoto wasiosoma kwa nini wanafikiri hivyo, walinyamaza. Alipouliza kwa nini jambo lenyewe liko hivyo, walijibu bila taabu. Baadhi yao walieleza kuwa maji yamebadilika kwa sababu mtafiti ndiye aliyeyamimina. Walipopewa nafasi ya kumimina wenyewe, majibu sahihi yaliongezeka sana. Maji yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mkono uliomimina.

Edinburgh na Kokwet

Mashaka ya namna hiyo yaliibuka Ulaya pia. Katikati ya miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson walitumia jaribio la safu mbili za vitu vyenye idadi sawa. Safu moja ilipovurugwa na dubu wa kuchezea aliyeigizwa kuwa mtundu, watoto wengi zaidi walishikilia kwamba idadi ni ile ile kuliko pale mtu mzima alipoipanga upya kwa makusudi. Katika kitabu chake cha mwaka 1978, Donaldson alisisitiza kwamba mtoto hujitahidi kwanza kuelewa nia ya anayemwuliza. Mtu mzima anapobadilisha kitu kisha akarudia swali, mtoto ana haki ya kudhani kwamba jibu jipya linatarajiwa.

Katika miaka hiyo hiyo, Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Watoto walioombwa na mtu mzima kusimulia tena hadithi fupi mara nyingi walikaa kimya. Malezi ya hapo yalimtaka mtoto aelewe agizo na kulitekeleza, na ni nadra mkubwa kumwomba mdogo aeleze mawazo yake. Neno ng'om, linalotumika kwa mtoto mwenye akili, lilihusishwa nyumbani na kutimiza wajibu bila kusimamiwa. Ukimya mbele ya mgeni ulikuwa adabu, ilhali katika karatasi ya alama ungesomeka kama kutojua.

Hitimisho

Historia hii haibatilishi kazi ya Piaget. Mfuatano wa hatua alioueleza umeonekana katika jamii nyingi, na mwaka 1966 yeye mwenyewe alihimiza ulinganisho wa tamaduni. Mwaka 1972 alikubali kwamba fikra za hatua ya mwisho huenda zikategemea vipawa na kazi ya mtu. Kinachobatilika ni mazoea ya kuhukumu uwezo wa mtoto kwa jibu moja. Pale ambapo jibu hilo huamua darasa atakaloingia, swali lililoulizwa vibaya huandikwa kuwa upungufu wa mtoto, na gharama yake huibeba yeye.