Kulumbana kwa Vina

Katika pwani ya Waswahili, aliyepinga jambo hadharani kwa shairi hakuwa na ruhusa ya kuropoka. Kwa kawaida alibanwa na mizani 16 katika kila mshororo, vipande viwili vya nane nane, na vina vya kati na vya mwisho. Aliyetaka kumjibu alitarajiwa kushika bahari ileile, na mara nyingi vina vilevile vya mwenzake. Sharti hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoyafanya malumbano kuwa shule ya hoja, kwa sababu hakuna awezaye kujibu kina asichokisikia. Aliyejibu alipaswa kwanza kulihifadhi shairi la mpinzani wake, ubeti kwa ubeti, ndipo alibomoe.

Wapo watakaosema kwamba mashairi hayo yalichochea uhasama tu, na ushahidi wanao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliwatetea Wamazrui, watawala wa mji huo, dhidi ya Sayyid Said, sultani wa Oman, kwa beti zenye kejeli na vitisho, na Vita vya Shela kati ya Lamu na Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, havikuzuiwa na mtunzi yeyote. Sawa, lakini malumbano hayakuahidi amani. Yalichofanya ni kuitunza kauli ya kila upande. Mombasa iliangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837, ila beti za Muyaka zilibaki vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya. Hoja ya walioshindwa haikuzikwa pamoja na utawala wao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sheria hizo za vina na mizani baadaye ziligeuzwa ua wa kuwazuia wengine. Mshairi Amri Abedi alizieleza kitabuni mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, bila kufuata vina na mizani, wanamapokeo wengi walikataa kuwa huo ni ushairi. Hapo walikosea, maana walimnyima mpinzani uwanja badala ya kumjibu. Abdilatif Abdalla alikuwa ameonyesha njia iliyo bora katika Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, diwani aliyoitunga gerezani: katika shairi lake la mnazi, ndugu wawili wanaugombea mti, na kila mmoja anapewa nafasi ya kujieleza. Walimu wa ushairi, msiishie kuwahesabisha wanafunzi mizani. Wapeni shairi wasilokubaliana nalo, ili walijibu.